Majina ya Zamani ya Barabara za Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza kuhusu majina ya zamani ya barabara zetu kwa kawaida wameshika karatasi mkononi: barua ya mwaka 1958, cheti cha shule, risiti ya duka ambalo halipo tena, au hati ya nyumba yenye anwani ambayo hakuna dereva wa teksi anayeitambua. Wengine ni vijana wanaopita kila siku kwenye avenyu yenye jina la mtu ambaye hawakufundishwa habari zake darasani. Majibu yafuatayo hayakulingana kwa urefu, kwa sababu jina moja hubeba historia ya nusu karne na jingine halibebi zaidi ya jina la mto.

Jina la Élisabethville lilitoka wapi, na liliondoka lini?

Mji ulianzishwa mwaka 1910, na gavana Émile Wangermée aliyesimamia kazi hiyo aliupa jina la Malkia Élisabeth, mke wa Albert wa Kwanza ambaye alikuwa ametawazwa mfalme wa Wabelgiji mwishoni mwa mwaka 1909. Reli kutoka kusini, iliyokuwa imefika Sakania mwaka 1909, iliingia mjini mwaka huohuo wa 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha Union Minière, kampuni ya madini ya Katanga, kikamimina shaba yake ya kwanza. Jina la Élisabethville lilidumu hadi mwaka 1966, serikali ya Mobutu ilipoyaondoa kwa mkupuo majina ya kifalme na ya kivumbuzi: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Albertville ikawa Kalemie, Jadotville ikawa Likasi, na mji wetu ukachukua jina la mto wake.

Wengi husahau kwamba jina la Lubumbashi halikubuniwa mwaka 1966. Lilikuwa jina la mto kabla ya mji kuwapo, na kile kiwanda cha kuyeyushia shaba kilikuwa kikiitwa kwa jina hilo tangu mwanzo. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeondoka kambini alfajiri kwenda kwenye tanuru alikuwa akienda Lubumbashi, ingawa barua zake zilifika Élisabethville.

Je, ni kweli kwamba majina yote ya wakati wa ukoloni yalifutwa?

Si kweli, na hapa ndipo penye ufunguo wa maswali mengi yanayofuata. Yaliyofutwa ni majina ya watu: wafalme, malkia, magavana, maofisa na wakurugenzi wa makampuni. Majina ya mito, maziwa, nchi na migodi hayakumsumbua mtu, kwa sababu hayakumtukuza yeyote ambaye utawala mpya ulitaka kumshusha. Ndiyo maana katikati ya mji bado tunatembea kwenye avenyu Kasai, avenyu Lomami na avenyu Moero, majina yanayosomeka kama ukurasa wa atlasi. Moero ni ziwa Mweru, lililoandikwa kwa Kifaransa. Maji ya mto Luapula huingia humo, na samaki wake wamelisha vizazi vingi vya mji huu.

Mtu anayeona jina la mahali asidhani kwamba halina siasa, hata hivyo. Majina mengine ya mahali ni majina ya vita, na hayo yana jibu lao hapa chini.

Kwa maoni yetu, swali la kwanza la kuuliza kuhusu jina lolote la barabara halihusu maana yake. Ni swali la wakati: lilibandikwa lini, na nani alikuwa na mamlaka siku hiyo? Majina ya watu huja na serikali na mara nyingi huondoka nayo.

Kwa nini barabara za katikati ya mji zimenyooka na kukatana kama mraba?

Kwa sababu zilichorwa kwenye karatasi kabla ya kukatwa msituni. Comité Spécial du Katanga, shirika lililoundwa mwaka 1900 kusimamia ardhi ya jimbo hili, liligawa viwanja kwa kufuata ramani, na kiwanja hakiwezi kuuzwa bila kutajwa. Majina yalihitajika mapema na kwa wingi, wakati ambapo hapakuwa bado na wakazi wa kutosha wa kuyazaa wenyewe kwa mazoea. Hiyo ndiyo tofauti kati ya majina ya katikati ya mji, yaliyotoka ofisini, na majina mengi ya mitaa ya pembeni, ambayo watu waliyazoea kwanza na ofisi ikayaandika baadaye.

Avenyu Tabora inahusu nini? Tabora si mji wa Tanzania?

Ndiyo, ni mji huohuo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la koloni la Ubelgiji, Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur liliingia Tabora mwezi Septemba 1916, baada ya kuwarudisha nyuma Wajerumani waliokuwa wakitawala Afrika Mashariki. Ushindi huo ulikuwa fahari kubwa ya koloni la Ubelgiji, na jina la Tabora likasambazwa kwenye barabara na viwanja vya miji ya Kongo. Katanga ilikuwa na sababu yake ya ziada ya kulitukuza, kwa kuwa Tombeur alikuwa amewahi kuwa mkuu wa utawala wa jimbo hili kabla ya vita, na baadaye alirudi tena.

Jina hilo halisemi ni nani waliobeba ushindi huo. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, makumi ya maelfu ya watu waliochukuliwa vijijini kubeba risasi na vyakula, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kibao cha barabara kinataja mji uliotekwa tu.

Kuna jambo jingine linaloifanya Tabora isiwe jina geni kwetu. Miaka mingi kabla ya Tombeur, Msiri alitoka Unyamwezi, eneo hilohilo la Tabora, akafuata njia za misafara hadi Katanga, akajenga dola yake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke. Aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa aliyeitwa Bodson, wa msafara wa Stairs uliokuja kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Léopold wa Pili. Lugha ya misafara ilipita katika njia hizohizo. Kwa hiyo Mlushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, anayesema Kiswahili kwenye avenyu Tabora ana uhusiano na jina hilo ambao wakoloni walioliweka hawakuufikiria.

Je, majina ya vita vingine yapo?

Yapo, na huvuka mipaka ya mji wetu. Ndugu zetu wa Bukavu wana Camp Saïo, kambi ya jeshi ambayo wengi huitaja kila siku bila kujua kwamba Saïo ni mahali nchini Ethiopia, ambapo jeshi la Kiitalia la Jenerali Gazzera lilijisalimisha kwa Force Publique mwezi Julai 1941. Gambela, jina linalojulikana kwa mtaa hapa Lubumbashi, ni mji mwingine wa Ethiopia uliotekwa katika kampeni hiyohiyo mapema mwaka huo. Majina haya yalinusurika kwa sababu hayakuwa ya Mbelgiji yeyote, na kwa sababu askari waliopigana huko walikuwa Wakongo.

Avenyu ya Étoile wanayoitaja wazee ilikuwa na uhusiano gani na nyota?

Haikuhusu nyota za angani. Étoile du Congo ulikuwa mgodi wa kwanza wa Union Minière katika eneo hili, ule ambao wenyeji huuita Kalukuluku, na mji ulipangwa karibu nao na karibu na mto. Barabara iliyobeba jina la mgodi ilikuwa inaeleza kwa nini mji upo, pengine kwa uaminifu mkubwa kuliko ile iliyobeba jina la malkia.

Bulvari Kamanyola: Kamanyola ni nani?

Kamanyola si mtu. Ni kijiji cha Kivu ya Kusini, kwenye bonde la Ruzizi, katika barabara inayotoka Bukavu kwenda Uvira. Mwezi Juni 1964, wakati wa maasi yaliyoitikisa mashariki ya nchi, jeshi la serikali lilipigana huko na waasi, na Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alikuwapo. Baada ya kuchukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, propaganda yake iligeuza siku hiyo kuwa kisa cha ushujaa wake binafsi darajani. Jina likapewa kikosi cha jeshi, likapewa meli yake ya fahari mtoni, na uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa uliofunguliwa mwaka 1994 ukaitwa Kamanyola pia.

Linganisha yaliyotokea baadaye. Mwaka 1997 uwanja wa Kinshasa ulibadilishwa ukawa Stade des Martyrs, lakini bulvari ya Lubumbashi ilibaki na jina lake. Sababu yake nadhani si ngumu kuiona: jina la kijiji halina sura ya mtu, na mpita njia asiyejua kisa cha daraja hawezi kuona kwamba linamsifu Mobutu.

Na Mama Yemo?

Marie-Madeleine Yemo alikuwa mama yake Mobutu, na alifariki mwaka 1971. Hospitali kuu ya Kinshasa iliitwa kwa jina lake hadi utawala huo ulipoanguka, na Lubumbashi ikapata avenyu Mama Yemo. Jina limebaki vinywani mwa watu. Tunakubali kwamba ni ajabu kidogo: mwana aliondolewa kwenye noti za benki na kuta za ofisi, mama akaendelea kuelekeza wateja kwenye maduka.

Kwa nini Lumumba, Kasa-Vubu na Adoula wana barabara katika mji uliokuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga?

Katanga ilijitangaza huru chini ya Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960, na Élisabethville ikawa mji mkuu wake hadi Januari 1963. Katika muda huo hakuna ambaye angethubutu kubandika jina la Lumumba ukutani. Yeye mwenyewe aliletwa kwa ndege katika uwanja wa Luano tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na wote watatu wakauawa usiku huohuo nje ya mji. Miaka mitano baadaye, mwaka 1966, Mobutu, ambaye mwenyewe alikuwa na mkono katika kukamatwa kwake, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa, na kuanzia hapo jina la Lumumba likawa la lazima katika kila mji wa nchi.

Kasa-Vubu alikuwa rais wa Kongo ambayo Katanga ilijitenga nayo. Cyrille Adoula alikuwa waziri mkuu wakati kujitenga kulipokomeshwa. Kuwaona wote wawili kwenye vibao vya Lubumbashi ni kuona nani aliyeshinda. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Washindi wa kila mahali hufanya vivyo hivyo, na Wabelgiji walifanya kabla yao.

Jason Sendwe yuko katika hali ya peke yake, kwa sababu alikuwa mtoto wa Katanga aliyeipinga Katanga ya Tshombe. Aliongoza chama cha Balubakat, kilichowakilisha hasa Waluba wa kaskazini na kilichokataa kujitenga, akauawa huko Albertville mwezi Juni 1964. Hospitali kubwa ya mji na avenyu moja zina jina lake. Kwa familia nyingi zilizokimbia mapigano ya miaka ile, jina hilo ni la ndani ya nyumba.

Tshombe mwenyewe alifia Algiers mwaka 1969, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kukumbukwa hadharani. Leo sanamu yake imesimama katikati ya mji. Msomaji anayetaka kufahamu jinsi Lubumbashi inavyokumbuka anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwenye sanamu hiyo hadi avenyu Lumumba na kurudi bila kuchoka.

Kimbangu alihusika vipi na mji huu? Yeye hakuwa mtu wa Bas-Congo?

Alikuwa mtu wa Nkamba, huko Bas-Congo, ambako alianza kuhubiri na kuponya mwaka 1921. Alikamatwa mwaka huohuo na kuhukumiwa kifo. Mfalme Albert akaigeuza hukumu iwe kifungo cha maisha, naye akaletwa Élisabethville, mbali kabisa na watu wake, ambako alikaa kifungoni miaka 30 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Hivyo avenyu Kimbangu ya Lubumbashi haifanani na ile ya mji mwingine wowote: hapa inamtaja mtu aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima ndani ya mji bila kuruhusiwa kutembea katika barabara zake.

Komine (wilaya za mji) zilikuwa na majina gani zamani?

Swali hili ni fupi kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu majina ya Kenya, Katuba na Ruashi yanafahamika tangu wakati wa ukoloni. Iliyobadilika ni Kamalondo, ambayo iliitwa Albert, kwa heshima ya mfalme yuleyule aliyebadilisha hukumu ya Kimbangu. Ilianzishwa kama sité, yaani makazi, ya Waafrika, ikatengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda wa ardhi iliyoachwa wazi makusudi, na mwaka 1957, uchaguzi wa kwanza wa miji ulipofanyika, ikawa komine pamoja na nyingine. Mzee anayesema alizaliwa “Albert” hasemi jina la baba yake, anasema Kamalondo.

Chaussée de Kasenga, njia ya Likasi, njia ya Kipushi: haya nayo yana historia?

Yana historia ya miguu na magurudumu. Ni majina ya njia zinazotoka mjini, na yanakuambia utafika wapi ukiendelea mbele. Kasenga iko kwenye mto Luapula, na kwa barabara hiyo samaki waliletwa kulisha kambi za wafanyakazi. Kipushi ni mji wa mgodi ambao wakoloni waliuita Prince Léopold. Njia ya Likasi ndiyo pekee iliyolazimika kubadilika, maana mji wenyewe wa mwisho wa safari uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkuu wa mabenki aliyekuwa nyuma ya Union Minière.

Kwa nini watu huendelea kutumia jina la zamani hata baada ya kibao kubadilishwa?

Kwa sababu barabara hutajwa kwa mdomo mara nyingi kuliko kwa maandishi. Kinshasa, avenyu ya 24 Novembre, iliyotukuza mapinduzi ya Mobutu, ilibadilishwa ikawa Libération baada ya mwaka 1997, na bado kuna wanaosema “Vingt-quatre” tu. Kwetu, chaussée kuu imepewa jina la Laurent-Désiré Kabila, ambaye majeshi yake yaliingia Lubumbashi mwezi Aprili 1997 na aliyeuawa Januari 2001, na jina hilo limeshika kuliko mengi, labda kwa sababu watu hulifupisha wakasema “Kabila” na mambo yakaisha.

Pia kuna majina ambayo hayakuwahi kuandikwa popote: kona inayotajwa kwa baa, kituo kinachotajwa kwa mti, njia inayotajwa kwa mfanyabiashara aliyehama zamani. Hayo ni halali kama mengine, ila hufa pamoja na wanaoyajua.

Nitajuaje jina la zamani la barabara ninayoishi?

Anza na karatasi zilizo nyumbani kabla ya kwenda ofisini. Vichwa vya barua za makampuni, vitabu vya simu vya miaka ya 1950, vyeti vya ubatizo na bahasha zenye mihuri huweka jina na tarehe pamoja, jambo ambalo kumbukumbu ya mtu haifanyi. Kisha tafuta ramani ya mji ya kabla ya mwaka 1960 na uilinganishe na ya leo kwa kuhesabu njia panda kuanzia alama isiyohama, kwa mfano stesheni ya reli au kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo. Usilinganishe kwa majina. Linganisha kwa mahali, maana kuna majina yaliyohamishwa kutoka barabara moja hadi nyingine.

Wazee waulizwe pia, lakini swali liwe la mahali: “Baba, duka fulani lilikuwa upande gani, na ulipitia wapi kwenda kazini?” Ukiuliza “barabara hii iliitwaje?” utapata jina la mwisho alilolizoea, si la kwanza. Kuna pia maandishi ya Kiswahili yenyewe: mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa mji huu walitunga historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chao, ikiwataja Wazungu kwa majina waliyopewa na wafanyakazi wao. Mtafiti anayesoma ramani za Kifaransa peke yake anakosa upande huo wote.

Hati yangu ya nyumba ina jina la barabara ambalo halipo tena. Je, nimepoteza haki?

La. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa na hati ya usajili, na kiwanja chenyewe hutambuliwa kwa nambari yake kwenye ramani ya kadastri, yaani ramani rasmi ya viwanja. Jina la barabara ni maelekezo tu. Angalia nambari hiyo, ipeleke kwenye ofisi ya hati za ardhi ya eneo lako, na uombe anwani ya sasa iandikwe pale hati itakapofanywa upya. Asikudanganye mtu kwamba kubadilika kwa jina kunakulazimu ununue karatasi mpya barabarani. Na ile ya zamani usiitupe, kwa sababu mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa jina la avenyu yako lilivyokuwa.